Mlango wa Maboksi

Mwalimu wa binti yangu pale chuo kikuu hasimami mbele ya darasa. Huvuta kigoda akakaa chini kuliko sisi wazazi tulioalikwa kubuni pamoja na wanafunzi wake mlango wa zahanati. Mwanafunzi akianza kutuhutubia, humkatiza kwa sauti ya chini: "Usiwafundishe. Waulize." Kisha hubandua gundi iliyokauka kwenye vidole vyake, mpaka mtu aseme.

Binti yangu na wenzake waliuleta mlango wao wa maboksi, mkubwa kama wa kweli. "Mama, unauonaje?" Nilikwisha kuona kwamba kitasa chake cha kuzungusha kingenisumbua, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na alama za kazi hiyo zilikuwa zake. "Mzuri, mwanangu. Hauna kasoro." Wakapiga makofi. Mwalimu hakunikemea. Aliinuka, akanipakatisha mto, akanishikisha mfuko mkono wa pili. "Huyo ni mtoto, ana homa. Haya dada, mwingize kwa daktari." Nikajaribu kuzungusha kitasa kwa kiwiko, nikajaribu kusukuma kwa nyonga. "Piga hodi, mama!" mwanafunzi mmoja akatania. Binti yangu aliinamisha uso. Mwalimu alirudi kigodani, akaendelea kubandua gundi, akisubiri niseme. Mlango haukufunguka.