Mama Aliyeacha Kuitwa kwa Jina Langu

Harufu ya korosho zinazochomwa kwenye debe lililopasuliwa haifanani na nyingine: kwanza moshi mweusi mzito unaowasha macho, halafu ghafla utamu unaokuita jikoni. Ndivyo mama yangu alivyonukia nilipokuwa mtoto Kitangari, wilayani Newala, hata siku aliyovaa kanga mpya. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa kubangua. Usoni, kuanzia paji hadi kidevuni, alikuwa na nembo, zile chale alizochanjwa usichanani, enzi ambazo msichana wa Kimakonde asiye nazo alionekana hajakamilika. Nilizipenda. Nilizifuata kwa kidole mpaka nikapitiwa na usingizi, naye akivumilia tu, ingawa kutwa alikuwa ameshashuka bondeni mara mbili kufuata maji.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni Masasi, nilianza kuzionea haya. Wasichana waliotoka miji mikubwa walikuwa na mzaha wao juu yetu: Mmakonde, eti, hakuzaliwa, alichongwa kwenye gogo. Nami kwa ujinga wangu nilicheka kuliko wao, nikajifanya kwetu ni Mtwara mjini.

Muhula wa pili mwalimu wa Kiingereza alituonyesha sinema ya zamani ya Kimarekani kwenye televisheni ya shule, akitutafsiria kila baada ya kitambo. Ilihusu mama mweusi ambaye binti yake alizaliwa mweupe kiasi cha kupita kama Mzungu. Binti akamkana mama ili asibaguliwe, na mama akafa kwa majonzi. Jamani, tulilia! Bwalo zima lilikuwa kamasi tupu. Mimi ndiye niliyelia zaidi, tena nikamlaani yule binti kwa sauti: mtoto gani huyu asiye na haya? Kweli, nyani haoni kundule.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya wazazi. Msichana wa zamu alikuja bwenini akihema. "Zuhura, getini kuna mama ana chale uso mzima. Anasema yeye ni Mama Zuhura. Ni wako?" Wenzangu watano waliokuwa wakisukana wakaangua kicheko. "Si wangu," nikasema. "Kina Zuhura tuko wengi." Kupitia dirisha nilimwona mama akipelekewa jibu langu. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri, juu ya lori la magunia. Hakubishana. Alifungua kanga, akamkabidhi yule msichana furushi la ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini tunayoipenda sana kwetu, akasema, kama yule msichana alivyotusimulia, "Basi mpe Zuhura yeyote, mwanangu. Wote ni watoto." Tuliila bwenini. Na mimi nilikula.

Likizo nilirudi nyumbani na uongo wangu tayari mdomoni. Haukuhitajika. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniwekea chakula kama kawaida. Jioni jirani alipita akaita, "Hodi, Mama Zuhura!" Mama akamjibu kwa upole, "Siku hizi niite Mama Hamisi." Hamisi ni mdogo wangu. Jirani alishangaa, maana kwetu mama huitwa kwa mtoto wa kwanza. Mama hakunichapa, hakunisema, wala hakumweleza mtu yeyote. Alinirudishia jina langu tu, na mimi sikuwa na mdomo wa kumwomba alichukue tena. Loh, afadhali angenipiga!

Siku hizi vijana wa Newala hupiga picha na bibi wachache waliobaki na nembo, wakijivunia asili yao. Binti yangu ana picha ya bibi yake kwenye simu, na humwonyesha kila mtu bila kuulizwa. Nafurahi, na roho inaniuma, kwa sababu anafanya bila taabu jambo lililonishinda mimi mbele ya wasichana watano.

Mwaka jana mama alilazwa hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Muuguzi akamwuliza, "Mama Hamisi, huyu aliyekaa hapa ni nani wako?" Niliinamisha kichwa. Niliogopa jibu lake, sitaki kusema uongo. Mama akajibu pale pale, wodi nzima ikisikia: "Mwanangu wa kwanza huyo. Zuhura." Nikaamua kesho yake, akipata nguvu kidogo, nitamwomba radhi. Hakuamka. Tulipomzika Kitangari, aliyetangaza msiba alisema Mama Hamisi ametutoka, na mimi sikuwa na haki ya kumsahihisha.