Ndimi nyekundu siku ya Idi

Leo nimelisha batoto ya bantu rangi ya mikeka.

Mi mwenyewe. Mi ninayekatazaga batoto bangu bombo za duka, zile pipi, juu banaweka rangi ndani.

Mwaka jana nilipika bombo zangu za sukari, zikatoka nyeupe. Binti yangu Zaina akalia, eti hizo si za Idi. Basi safari hii bwana yangu akaniletea unga mwekundu kutoka soko ya Area 25, umefungwa tu ndani ya gazeti. Sikuuliza kitu, nikautia ndani ya sukari.

Asubuhi, kisha sala, Zaina akapeleka sahani za bombo kwa majirani bote, hata Bakristo, kama tulivyofanyaga kule kwetu Kindu.

Saa nne Mama Neema, jirani wa kutoka Uvira, anayesukaga mikeka, akaingia kusema asante. Akaona unga uliobaki ndani ya lile gazeti, akasema:

"Mama Zaina, hii njo rangi tunatiaga majani ya mikeka."

Nikakimbia mlango kwa mlango. Sahani ziko tupu. Kila mtoto ananitolea ulimi mwekundu, mmoja anashukuru kwa luga ya huku:

"Zikomo, Mama Zaina. Zako zinapita za duka."

Nimebanywesha maji. Nimekaa hapa naangalia nani atatapika wa kwanza. Anayejua dawa aniambie, tafadhali.

Bao batoto banashindana tu, nani ulimi wake unawaka zaidi.