Ana A ya Hisabati, mama yake anasema alichoma zabibu makusudi

Admin, jina langu naomba libaki kwako, na shule usiitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu wa Hisabati darasa la saba huku upande wa Makutupora, Dodoma. Nina mume na watoto wawili, nyumbani hakuna shida. Shida ni mimi. Naamka, naenda kazini, narudi, sisikii uchungu wala furaha.

Zamani sikuwa hivi. Nikifundisha uwiano nilikuwa natoka nje na watoto, ndoo, vikombe na unga wa ubuyu. Tunachanganya, wanaonja, wanabishana kwa nini ndoo hii imekolea na ile ni maji matupu. Mada ya wiki moja inakula wiki tatu, lakini mtoto anatoka hapo ameelewa. Basi wakaja wakaguzi, wakafungua azimio langu la kazi, wakakuta niko nyuma mada nne. Mkuu wa shule akanisimamisha kwenye kikao, mbele ya walimu ambao wengine nimewazidi umri kabisa. Akasema, "Madam, wazazi hawakuleta watoto hapa waje kunywa juisi. Maliza mada, wape mitihani iliyopita, wafaulu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Sikumbuki kulia tena kwa ajili ya kazi tangu siku ile.

Kuanzia hapo nikawa mwalimu mzuri. Maswali mengi ya mtihani ni ya kuchagua, A mpaka E, kwa hiyo nikawafundisha kuchagua. Majibu mawili huwa ya kipuuzi, yafute. Yaliyobaki yajaribu moja moja, likikubali siliba kiduara chake kwa penseli, songa mbele. Mtoto akiuliza "kwa nini, madam?" namwambia andika, itakuja hivyo hivyo. Mada zikawa zinaisha mapema, ufaulu ukapanda, nikapewa cheti na doti ya kitenge. Mkuu yule yule alinipigia makofi. Nilikipokea kile cheti kama mtu anayepokea chenji dukani.

Mwaka jana binti mmoja, nimwite Neema, alipata A. Mama yake ni mjane, ana shamba dogo la zabibu na ndilo linalowalisha. Mwezi wa kumi na mbili, Neema akiwa nyumbani anasubiri kidato cha kwanza, mama akampa dawa ya ukungu na bomba la kupulizia, akamwambia, "Wewe ndiye msomi, pima," yeye akaenda msibani. Pakiti inasema gramu 25 kwa lita 10 za maji. Bomba lao ni la lita 16. Jibu ni gramu 40. Neema alizidisha 25 kwa 16, akapata 400, akasahau kugawa kwa kumi. Dawa ya msimu mzima ikaisha asubuhi moja na hakushtuka. Kwenye mtihani angeona 400 haipo kati ya A mpaka E, angerudi nyuma. Majani yaliungua, vichala vichanga vikakauka na kudondoka.

Juzi Jumamosi walikuja kwangu wote wawili. Nikamwamkia mama, nikawapa viti. Mama akaanza, "Mwalimu, nisaidie kuongea na huyu. Mtoto mwenye A, tena umemfundisha wewe, anashindwaje kupima dawa? Amefanya kusudi. Tangu nimwambie atasoma sekondari ya kata na si bweni, amenuna. Basi haendi popote. Atabaki tupalilie wote mpaka akili imkae."

Neema macho yamevimba. "Madam, mwambie mama sikufanya makusudi."

Nilichukua karatasi, nikamwandikia swali lile lile la dawa na bomba, nikampa. Akalitazama, akageuza karatasi nyuma, akaniuliza polepole, "Machaguo yako wapi, madam?"

Mama yake akapiga makofi ya kukata tamaa. "Umeona? Mpaka wewe anakufanyia kusudi!"

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema, "Watoto wa siku hizi, mama. Mvumilie tu." Neema hakulia. Alinitazama, akaikunja ile karatasi vizuri, wakaondoka. Nikaendelea kuchambua mchele.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nikisema ukweli, kwamba nilimfundisha kusiliba na sikumfundisha hesabu, habari itazunguka kijiji kizima mpaka kwa mkuu, na kila A niliyowahi kuitoa itatiliwa shaka. Nikinyamaza, Neema atashika jembe kwa kosa langu. Najua lipi ni sahihi, msinifundishe hilo. Ninachoogopa ni kwamba nimeandika haya yote na bado sisikii kitu.

Matusi nitayasoma, ni haki yenu. Ila wenye busara nishaurini. Mama yule ananiamini mimi kuliko mtoto aliyemzaa mwenyewe. Naanzaje kumwambia kwamba kati yangu na mwanae, mwongo ni mimi?