Ritifaa ya Ng'endo

Wenzangu tulioandika kwa kidole kwenye vumbi, mnaikumbuka ritifaa? Kale kamkia ka juu kanakotofautisha ng'ombe na ngoma. Kinangop baridi ilikuwa ikituuma vidole, uji wa kikombe cha bati unachoma midomo, na Mwalimu Wairimu anapita nyuma yetu na rula. Ukisahau ritifaa, rula inakuangukia. "Ng'ombe wako amekatwa pembe," anasema, na darasa zima linacheka. Mimi ni Ng'endo, jina la nyanya mzaa baba, kwa hivyo nilichapwa hata kwa jina langu. Nyanya hakujua kusoma, lakini aliniambia, "Jina langu usilikate."

Rula ile niliikumbuka Riyadh, miaka ile wasichana wa Kenya tulipoandikwa kwa wingi kwenda kazi za nyumbani. Kandarasi ilikuwa imeisha, na simu imetoka nyumbani: nyanya haamki kitandani, anakuuliza kila siku. Kafili, yaani mwajiri wangu, akanipeleka ofisi ya wakala, mtaa wa Al-Murabba, nichukue karatasi ya kuondoka. Karani akaandika jina langu kwenye kompyuta. "Mafi," akasema. Hakuna. Akarudia. Mafi. Nilijua wasichana waliongoja karatasi miezi, na nyanya hakuwa na miezi.

Nikaomba nione orodha ya majina. Nikaipitia kwa kidole hadi nikaona Ng&amp;#39;endo. Nikasema ndiye mimi. Karani akakataa, paspoti yangu haina namba katikati ya jina. Sikuwa na Kiarabu cha kubishana.

Nyuma yangu alikuwa dereva Mkenya, Otieno, aliyewahi kutengeneza tovuti kule kwetu. "Dada, tulia," akaniambia. "Hiyo ndiyo ritifaa yako. Kwenye tovuti alama huandikwa kwa namba, na hapa imesahau kugeuka." Akamwonyesha karani namba ile ile kwenye jina la baba la msichana mwingine, Wang&amp;#39;ombe. Karani akapiga muhuri.

Nyanya nilimkuta hai. Tulikaa naye siku nne.

Vijana wa siku hizi huandika "ngombe" kwenye simu bila haya, ati ritifaa iko mbali kwenye kibodi. Hata fundi aliyeandika msalaba wa kaburi la nyanya aliiruka. Nilipomuuliza akasema, "Auntie, si watu wataelewa tu?" Sikubishana naye. Nilichukua msumari, nikaichonga mwenyewe.