Ramlo wa Garissa, Mjane Aliyetaka Kujua

Alizaliwa Buna, kaskazini mwa Wajir, mwaka 1984, mwaka wa ukame mkali. Baba yake, Maalim Abdilatif, alifundisha watoto Qur'ani, na kwa kuwa hakujaliwa mwana wa kiume alimkalisha binti yake mbele ya ubao, naye akahifadhi Kitabu chote kabla ya kuolewa. Waliomjua utotoni wanasimulia kwamba alikuwa mwoga: aliogopa radi, fisi, hata sauti ya baba yake. Tunalitaja hilo makusudi, maana wengi hudhani waja wema huzaliwa na moyo wa simba.

Mwaka 2007 aliolewa na Muse, mfanyabiashara wa mbuzi, akahamia Garissa. Huko ndiko alikoitikia wito wake. Wanawake wa mtaani wasiojua kusoma walimwomba awafundishe walau sura za kuswalia, naye akawafungulia ua wake kila alasiri. Wakamwita Ustadha.

Miaka mitano baadaye Muse alianza kukonda. Homa zilikuja zikaenda, akaharisha wiki baada ya wiki, ulimi ukafunikwa na utando mweupe, na ubavuni ukamtoka mkanda wa jeshi, malengelenge yanayochoma kama makaa. Wengine walisema kijicho, wengine jini. Alisomewa, akanyweshwa mitishamba, akafariki bila mtu kuuliza zaidi, akamwachia Ramlo binti anyonyaye, Sabirin.

Kwa desturi ya Wasomali mjane huolewa na ndugu wa marehemu, na Mursal, mdogo wake Muse, alikuwa tayari akingoja eda iishe. Lakini katika eda ile Ramlo alianza kuamka nguo zimelowa jasho. Tezi za shingo zilivimba. Siku moja akioga akakuta kiunoni malengelenge yale yale aliyoyapaka dawa kwenye mwili wa mumewe, akajifunika upesi kana kwamba kuna anayemwona. Tangu hapo alisahau idadi ya rakaa, na kila alipomnyonyesha mtoto alijiuliza kama anamlisha au anamuua.

Wazee walipokuja kupanga ndoa, alisema akiwa nyuma ya pazia: "Sikatai kuolewa. Nataka kwanza nipimwe ukimwi, na Mursal apimwe."

Mama mkwe wake, Hinda, aliruka. "Unamvua nguo mwanangu kaburini? Muse aliuawa na kifua!"

"Hooyo, mama yangu, mimi sijui kilichomuua. Ndiyo maana nataka kupimwa."

"Basi ondoka, na mtoto umwache. Ni wa ukoo wetu."

Mursal akasema, "Unanijua, Ramlo. Nina nguvu kama ngamia. Mgonjwa huonekana."

"Muse naye alikuwa na nguvu, walaal, ndugu yangu."

Kesho yake alimbeba Sabirin hadi lango la hospitali, hofu ikamshinda, akarudi nyumbani. Siku iliyofuata akaenda tena, akaingia. Alikikwepa chumba cha muuguzi wa ukoo wake, akihofu habari zisije zikafika nyumbani kabla yake, akaenda kwa Mumbua, muuguzi wa kutoka Mwingi. Alitobolewa kidole, damu ikadondoshwa kwenye kipimo, akangoja. Kisha kwa Kiswahili chake cha sokoni akauliza, "Sista, hii mistari mbili ni ya mimi?"

"Ni yako, mama. Inaonyesha una virusi, lakini tutarudia kwa kipimo kingine tuhakikishe. Dalili peke yake hazithibitishi. Wapo wenye dalili kama zako na hawana virusi, na wapo wenye virusi wasiojisikia chochote. Umefanya vizuri kuja. Dawa zipo."

Kipimo cha pili kilikubaliana na cha kwanza. Ramlo hakulia. "Na mtoto?"

"Damu yake inapelekwa maabara ya mbali. Itabidi tusubiri."

Kusubiri huko ndiko kulikokuwa jaribu lake kubwa. Alianza dawa siku ile, akarudi kuwaambia wakwe zake majibu, lakini Hinda alitangaza habari mtaani, na wanafunzi wakaacha kuja. Alasiri alikaa peke yake uani akisoma kwa sauti, jicho kwa mtoto, akimgusa paji kila mara kutafuta homa. Hatimaye Mumbua alimwita. "Mtoto hana virusi. Tutaendelea kumpa dawa ya kumkinga, na tutampima tena mpaka baada ya kuacha kunyonya." Ramlo alianguka kusujudu pale pale ukumbini, watu wakimpita.

Mursal naye alikwenda kupimwa kwa siri, akakutwa salama. Akaja uani, akabaki amesimama. "Ungenyamaza, ningekuoa na ningeumwa kama kaka yangu. Mtoto ni wako. Hakuna atakayemgusa." Hinda hakumsalimu Ramlo mwaka mzima.

Wanafunzi walirudi mmoja mmoja. Ramlo aliwaeleza wazi hali yake, na kila mwanamke aliyeona dalili mwilini mwake, Ramlo alimsindikiza hospitali. Wengine walikutwa na kifua kikuu, wengine na virusi, wengine bila ugonjwa wowote. Wote aliwashika mkono wakisubiri. Aliumwa na nyoka kambini mwa waliokimbia mafuriko, Novemba 2023, akafariki, ilhali virusi mwilini mwake vilikuwa havionekani tena kwenye vipimo. Waliomwosha wanaapa kwamba hema lilinukia miski isiyojulikana ilikotoka, tunaandika walivyosema. Sabirin, anayesoma sasa shuleni, alipimwa mara ya mwisho akakutwa salama.

Leo, katika ukoo wa Muse, hakuna mjane anayeozwa kabla yeye na mume mtarajiwa hawajapimwa, na Mursal ndiye anayewapeleka. Anayetaka kumwiga Ramlo asingoje hofu imtoke. Yeye aliingia hospitali ikiwa bado imo kifuani mwake.