Kondoo Waliosahau Mpaka

Mlima wa Heulwen Pritchard, kaskazini mwa Wales, hauna uzio. Kondoo jike humzoesha mwanawe malisho yao: mwisho kijitoni, ng'ambo ni kwa jirani yake, Goronwy. Mwana akizaa, naye humzoesha wake. Ndiyo maana shamba likipata mmiliki mpya, kondoo hawahami. Ukipeleka mlimani kondoo wageni waliokulia bondeni, kufikia jioni hujui waliko.

Heulwen aliyajua hayo tangu utotoni, na bado mwaka jana aliuza majike wazee. Mnunuzi wake wa Ufaransa alikuwa amechoshwa na vyeti vipya vya daktari wa mifugo vinavyodaiwa mpakani na malori yanayokwama bandarini, akaacha kupiga simu. Kisha redio ikatangaza mikataba mipya ya biashara: nyama ya New Zealand na Australia itaingia bila ushuru, kila mwaka zaidi. Mnadani wanunuzi wakamtazama kama mtu aliyeleta paka. Akaona afadhali apunguze midomo ya kulisha.

Waliobaki walikuwa vijana, na vijana, mama zao wakiwa wameuzwa kabla ya kuwazoesha vya kutosha, hawakujua wakomee wapi.

"Heulwen wee!" Goronwy aliita asubuhi moja kutoka ng'ambo. "Wanao wamelala kwangu tena. Niwaandalie chai?"

"Waandalie. Sukari kidogo tu."

"Nacheka, jirani, lakini nimechoka."

Heulwen pia alikuwa amechoka. Magoti yalimuuma, na dada yake Mererid alikuwa na chumba kitupu mjini Wrexham. Basi akamwita Ifan, dalali wa mifugo, achukue kundi lote.

Lori lilipofika, Goronwy naye alivuka kijito akaja, ameshikilia kofia yake.

"Dada, nifungulie nipakie," Ifan alisema. "Mvua hiyo inakuja."

"Ngoja kidogo," Goronwy alisema. "Heulwen, wako wakiondoka, malisho yatabaki wazi na wangu watatanda huku. Nani atawarudisha? Mimi na nyonga hii?"

"Weka uzio."

"Kwa miamba ile? Utanishikia nguzo wewe ukiwa Wrexham?" Akatazama chini. "Itabidi niuze na mimi. Halafu Tegid anayefuga juu yangu naye hivyo hivyo. Sikulaumu. Nakwambia tu ili usije ukasikia kwa watu."

"Mzee, unaniharibia biashara," Ifan alisema.

Heulwen alikuwa ameshika komeo la zizi. Lilikuwa jepesi, lingefunguka kwa kidole kimoja. Alilishika mpaka Ifan akazima injini.

"Nenda, Ifan," alisema hatimaye. "Nisamehe kwa mafuta uliyochoma bure."

"Utajuta."

"Nimeshajuta. Nenda."

Kuanzia siku ile, kazi ya majike wazee ikawa yake. Kabla hakujapambazuka alikuwa kijitoni na fimbo na mbwa wake Mot, akiwarudisha vijana kila walipokaribia maji. Aliporudi nyumbani kunywa chai, walivuka. Basi akaanza kubeba chai.

Mererid alimpigia akiwa palepale mvuani.

"Chumba nimekipaka rangi. Unakuja lini?"

"Hawa wakishajua mpaka."

"Watajua lini?"

"Wengine huchukua miaka."

"Heulwen, mdogo wangu, una miaka mingapi wewe?"

Heulwen aliinua fimbo. Jike mmoja alikuwa ameshatia mguu majini, na nyuma yake wengine walikuwa wakisogea.

"Subiri, dada," alisema, akaitia simu mfukoni bila kuikata. "Mot! Kushoto! Kushoto, baba!"