Tunda Lenye Uso

Mikono yangu haijui kupumzika, na sisemi hivyo kujisifu. Nikiketi kumsubiri daktari, nachuna mpira wa kiti. Kanisani nimewahi kuchonga mshumaa kwa ukucha mpaka mzee mmoja wa kanisa akauondoa mbele yangu. Nafundisha historia ya sanaa katika chuo kimoja upande wa Maseno, na wanafunzi wangu wameshazoea: saa nzima ya somo nitafinyanga donge la udongo huku nikiongea, na ole wake atakayeniuliza linakuwa nini.

Siku simu ilipoita nilikuwa nafundisha makaburi ya Wamisri wa kale. Nilikuwa nimewaonyesha ukutani picha ya chumba kidogo cha mawe, kimezibwa pande zote, kimeachiwa tundu tu usawa wa macho. Ndani waliweka sanamu ya marehemu. Mwili ukiharibika, sanamu ingeshika nafasi yake, na kupitia lile tundu ingetazama nje na kunusa ubani ulioletwa na jamaa zake. Niliwaambia kwamba mojawapo ya majina waliyompa mchongaji lilimaanisha yule anayemfanya mtu aishi. Napenda sana kulitamka hilo jina. Huwa nalitamka kana kwamba nimepewa mimi.

Simu ilitoka Dunga, kwenye ufuo wa wavuvi. Mashua ya ndugu yangu ilikuwa imeonekana ziwani, imepinduka, na yeye hakuonekana.

Alikuwa kitindamimba wetu, bado hajaoa, fundi wa kuunda mashua pale ufuoni. Sisi wawili tulitoka tumbo moja na tulirithi ugonjwa mmoja, wa kutoweza kuona kipande cha mti tukakiacha kama kilivyo. Ila yeye alidharau kazi yangu kwa moyo wote. Akija kwangu Kaloleni alizunguka sanamu zangu za mawe uani, akazigonga kwa kidole, akasema, "Dada, hii ukiitupa kwa maji inaenda chini moja kwa moja. Yangu inaelea. Sasa nani ndiye fundi?" Nami nilimwambia mashua yake hakuna atakayeiweka kwenye jumba la makumbusho. Alicheka hadi akashika ukuta.

Asubuhi ile alikuwa anaipeleka mashua mpya kwa mwenyewe, ng'ambo ya ghuba, peke yake, kwa sababu hakuna aliyeweza kumshauri kitu. Upepo uliinuka ghafla. Mashua ilielea kweli. Iliburutwa hadi ufuoni bila ubao mmoja kufunguka, na pamba aliyoziba nayo nyufa ilikuwa bado imekaa mahali pake. Niliipiga teke mbele ya watu wote nikaumia kidole cha mguu.

Tulimtafuta siku nane. Wavuvi walitoka kila alfajiri, wakarudi wakitikisa vichwa kabla hawajafika nchi kavu ili tusijipe matumaini. Mimi sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilitembea ufuoni kutoka kwenye mabanda ya samaki hadi kwenye mafunjo, nikarudi, nikawauliza akina mama wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, maswali niliyowauliza jana yake. Mmoja wao alinikamata mkono akanipa sahani ya omena nishike, nadhani ili nitulie. Nilipoangalia chini nilikuwa nimewapanga omena wake mistari miwili, vichwa upande mmoja.

Lakini aliyenitisha hakuwa yeye aliyepotea. Alikuwa Mama. Kwetu ni Seme, na siku hizo zote Mama alikaa kibarazani kwake uso ukielekea barabarani. Alimkataza katakata mtu yeyote asipige nduru, kile kilio cha kutangaza msiba. "Mwili uko wapi?" aliuliza. "Kama hakuna mwili, mnalia nini?" Yeye mwenyewe hakulia. Hakulala kitandani. Alikunywa uji vijiko viwili, akasukuma kikombe. Kufikia siku ya sita miguu yake ilikuwa imevimba na alikuwa ananijibu nusu nusu, na nilijua kwa hakika kwamba tukiendelea hivyo nitazika mwingine, huyu mwenye mwili.

Siku ya nane Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yetu, aliketi karibu naye akasema neno moja tu: "Yago."

Yago ni mti wa mwegea, ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama mitungi. Waluo wana desturi: mtu akipotelea mahali ambapo mwili hauwezi kupatikana, tunda la yago huzikwa badala yake. Linachimbiwa kaburi, linaombewa, linafukiwa, na waliobaki wanaruhusiwa kuanza kuishi. Nilikuwa nimelisikia tangu utoto na sikuwahi kulitia darasani, mimi niliyewasimulia wanafunzi jinsi Wagiriki wengine wa kale walivyolaza jiwe kaburini kwa ajili ya mtu aliyefia mbali. Kumbe nilikuwa nasafiri hadi huko kutafuta kitu kilichokuwa kwetu nyumbani. Nilijionea aibu, lakini aibu yenyewe haikukaa sana.

Mama aliitazama barabara tena. Halafu akasema, "Sawa." Nilimwona akilegea mabega kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndio unajua mti," Baba mdogo aliniambia. "Ile ya huko chuo chenu. Enda ukate moja kubwa. Kesho asubuhi ulete, tutakuwa tumechimba."

Nililikata pale chuoni saa saba mchana. Lilikuwa refu kama mkono wangu kuanzia begani, na zito hata nikalazimika kulipakata. Nikalilaza kiti cha nyuma cha gari na kulifunga mkanda, jambo la kipuuzi ambalo sikuona upuuzi wake wakati ule. Nilipofika Kaloleni nikaliweka juu ya meza yangu ya kazi kibarazani, chini ya mabati. Nikapika chai, sikuinywa. Nikafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nikafua nguo mbili. Kila nilipopita pale meza, lile tunda lilikuwa limelala kifudifudi, la kijivu, halina huku wala kule, na nilichukia kwamba kesho tutasimama mbele ya kitu kile tukakiita jina la ndugu yangu.

Nilichukua kisu kidogo nikakwangua ganda, kuangalia tu kuna nini ndani. Nyama yake ni nyeupe yenye nyuzi, inakatika kama muhogo uliopikwa nusu. Wanafunzi huwa nawaambia kuna kazi za kuongeza na kazi za kuondoa: udongo unaongeza, jiwe na mti unaondoa, na ukishaondoa hakuna kurudisha. Ndiyo maana Wamisri walichora miraba juu ya jiwe kwanza kabla nyundo haijagusa tindo. Mimi sikuchora chochote. Nilianza na paji la uso, nikashuka kwenye pua, nikaacha nyama ya kutosha kwa ile midomo yake minene. Sikuwa na picha yake mbele yangu na sikuihitaji. Patasi ilikuwa inajua njia. Hewa ilipoigusa, nyama nyeupe ikaanza kugeuka kahawia polepole, kuanzia mashavuni, na kufikia saa kumi na mbili jioni uso ulikuwa na rangi ya mtu anayeshinda juani akipigilia mbao.

Alikuwa ni yeye. Si kufanana, ni yeye, akiwa karibu kusema neno la kuniudhi. Katika miaka yangu yote sijawahi kufanya kazi bora kuliko ile, na lazima nikiri kwamba nilifurahi. Siku nane za kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na pale nikatulia. Nilimwambia, "Haya, cheka sasa." Nikamfunika kwa kitambaa chenye maji asikauke na nikajiona nimemtengenezea Mama zawadi.

Asubuhi nilipofunua kile kitambaa nyumbani Seme, Baba mdogo alirudi nyuma hatua moja. Wazee wawili waliokuwa naye walivua kofia. Kisha wakazivaa tena, wakaonekana kukasirika kwamba walizivua.

"Nani alikutuma ufanye hii kitu?" aliniuliza.

"Nilitaka awe na uso, Baba."

"Hii tunda kukosa uso kuna sababu! Ni ya kushika tu nafasi. Sasa wewe umemleta mwenyewe."

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, kama kawaida yangu, ila sikupata muda wa kulitoa. Mama alikuwa ameinuka. Kwa miguu ile iliyovimba alivuka ua, akanyoosha mikono, na sikuwa na budi kumpa. Alimtazama. Akapitisha kidole gumba juu ya nyusi, akashuka nacho hadi kidevuni. Akamviringisha kwa leso yake akarudi naye kibarazani, akaketi, akamlaza mapajani na kuanza kumwambia kitu kwa sauti ya chini, kwa Kiluo, kuhusu ng'ombe aliyezaa juma lililopita.

Tukangoja. Kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na simba yake, kijumba chake cha ujana. Watu wa kanisa walikuwa wameketi chini ya turubai, wakaimba wimbo mmoja, wakaurudia. Saa nne ikapita, saa tano. Baba mdogo alipomkaribia, Mama alivuta leso juu ya lile tunda kama anamkinga mtoto na jua.

"Nitaenda kukata ingine," nilimnong'oneza Baba mdogo. "Nitaileta vile ilivyo."

Mama alisikia. "Alafu mtazika nani?" aliuliza kwa Kiswahili, ili watu wote waelewe. "Huyu yuko hapa."

Nikatafuta mahali pa kuiweka mikono yangu nikakosa. Sasa niliona nilichofanya. Jana alikuwa amekubali, mabega yamelegea, njia imefunguka. Mimi na jina langu la Kimisri tukaja kuiziba. Nilikuwa nimemfanya mtu aishi, ndiyo, na mama yangu angekaa naye pale kibarazani bila kula mpaka wote wawili waoze. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale uani.

Nilienda nikapiga magoti mbele yake. "Mama, huyu si yeye. Ni mimi nilichonga."

"Unafikiria mimi ni mjinga?" Alinitazama kwa macho makavu. "Najua ni wewe. Mkono yako naijua tangu ukiwa mdogo. Lakini ni uso wake."

Nikashika pindo la leso, nikaanza kulikunja.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, na sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira. "Mimi siwezi kumwambia aende akiwa ananiangalia hivi. Wewe uliweka. Wewe utoe."

"Mama, siwezi."

"Leta kisu yako."

Nilileta patasi bapa na kisu. Hakukubali nimchukue kwake. Alimshikilia mapajani kwa mikono miwili, imara, kama vile unavyomshika mtoto anayenyolewa. Watu wa kanisa waliacha kuimba. Nilipeleka patasi kwenye kidevu, kwa sababu kidevu kilikuwa rahisi zaidi.

"Hapana," Mama alisema. "Anza na macho."

Nikaanza na macho. Nilikuwa nimeyachonga kwa saa nzima, na yalitoka kwa mikwaruzo minne. Kisha pua. Chini ya ile kahawia nyama ilikuwa bado nyeupe, mbichi, na maji yake yakanitiririkia kwenye kifundo cha mkono. Nilifika kwenye midomo nikasimama, na Mama hakunihimiza. Aliinama akaiambia jambo ambalo sikulisikia, na sijawahi kumuuliza. Halafu akanipa ishara kwa kichwa. Nikaondoa midomo, nikaondoa mashavu, nikalainisha mahali pote mpaka likawa tunda tu, lililomenywa upande mmoja.

Mama alilitazama kwa muda. Akainuka, akamkabidhi Baba mdogo lile tunda kwa mikono yake mwenyewe. Halafu akafungua kinywa akapiga nduru, ndefu, ya kutoka tumboni, na wanawake wote chini ya turubai wakaipokea, na majirani ng'ambo ya ua wakaipokea, na mimi nikaanguka pale pale nikalia kama mwendawazimu.

Lilipokwisha kulazwa chini, kabla hawajafukia, Mama alikuja kunitafuta. Aliniinua, akanivuta hadi ukingoni mwa kaburi. Nilikuwa nimejaa maganda ya uso ule, kwenye sketi, kwenye mikono ya blauzi, hata kwenye nywele. Akaanza kuyabandua, moja moja, akiyadondosha shimoni.

"Tusimwache kidogo kidogo huku," alisema.

Wanaume wenye majembe walingoja. Nikasimama wima mbele yake, bila kusogea, asije akakosa hata moja.